Walioshika Kadi

Jioni moja ya baridi, Januari 1956, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, profesa mmoja aliwakusanya mkewe, watoto wake watatu na wanafunzi wake kadhaa ndani ya jengo la shule ya usimamizi. Kila mmoja akapewa kadi. Kadi ilikuwa na maagizo ya kazi moja tu: ukipokea hiki, fanya hivi, kisha mpe yule. Profesa na mwenzake walikuwa wamebuni programu ya kuthibitisha kanuni za mantiki, lakini ilikuwa bado haijaingizwa kwenye kompyuta. Basi watu wakawa kompyuta. Mama akawa sehemu ya mashine, mtoto akawa sehemu ya mashine, kadi zikazunguka, na programu ikafanya kazi.

Profesa huyo alikuwa Herbert Simon, na mwenzake Allen Newell. Programu yao, waliyoiandaa pamoja na Cliff Shaw, iliitwa Logic Theorist, na wengi huihesabu kuwa programu ya kwanza ya akili mnemba. Hatimaye ilithibitisha kanuni 38 kati ya 52 za mwanzo katika sura ya pili ya Principia Mathematica, kile kitabu kinene cha Whitehead na Russell. Simon na Newell walifurahi hadi walipotuma makala kwa jarida moja la mantiki wakaiandika programu kama mwandishi mwenza. Wahariri wakakataa.

Sasa tulia hapo kidogo. Programu ilitafutiwa nafasi ya mwandishi. Walioshika kadi hakuna aliyewatafutia.

Najua, ilikuwa jioni ya familia. Hakuna aliyedhulumiwa, na Simon mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hicho. Sina kesi na yeye wala na watoto wake. Kesi yangu ni na kilichofuata. Kwa karibu miaka 70, watafiti wa usimamizi wameiandikia akili mnemba kurasa na kurasa, na swali lao limekuwa lile lile, likibadilisha nguo tu: mashine hii itamfanyia nini meneja? Itamsaidia? Itamfuta kazi? Itampunguzia gharama? Swali la pili, yaani nani ameshika kadi ili mashine ifanye kazi, wamelipita kama matatu inavyompita abiria wa mwisho wa laini. Na sisi huku Nairobi, tulioshika kadi kwa mikono yetu wenyewe, tunaingia darasani jioni kusoma majibu ya swali la wengine, tunafanya mtihani, tunapita.

Mimi nimeshika kadi. Kwa karibu miaka miwili nilifanya kazi ya kuweka lebo katika kampuni moja hapa jijini, ambayo sitaitaja kwa sababu nilitia sahihi karatasi ya kunyamaza. Unaletewa picha ya barabara ya mji ambao hujawahi kuukanyaga. Unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu anayevuka, kila baiskeli, kila taa. Umemaliza, inakuja nyingine. Kuna saa inayohesabu sekunde za kila picha. Kuna mkaguzi anayepitia visanduku vyako na kukupa alama kwa asilimia. Ukishuka chini ya alama fulani, unaitwa. Ukiitwa mara kadhaa, mkataba wako wa miezi mitatu unaisha bila kelele. Siku za mvua, kwenye picha zile, nilikuwa nikichora visanduku kuzunguka watu wenye miavuli na kujiuliza wanaenda wapi.

Nikitoka hapo nilikuwa napanda matatu hadi tauni, nashuka Tom Mboya, nanunua mahindi ya kuchoma, nakimbilia masomo ya jioni ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Karo ilitoka kwa visanduku vile. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba kazi ile haikunisaidia. Ilinisaidia. Ndiyo maana naiita kazi.

Jioni moja mhadhiri alitupa somo la akili mnemba katika usimamizi. Slaidi ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2018. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa somo, hakukuwa na kitu. Tukafundishwa kwamba utabiri umekuwa rahisi, kwamba kampuni zitafanya maamuzi kwa haraka, kwamba kazi kadhaa zitapotea na nyingine zitazaliwa. Nikainua mkono. Nikauliza, “Daktari, hiyo mashine ilijuaje kwamba lile ni gari?” Akaniambia, “Hayo ni mambo ya watu wa IT, dada yangu. Sisi hapa ni watu wa mikakati.” Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka, lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unauma kwa kushika kipanya tangu asubuhi.

Nilianza kusoma nyuma kwa sababu ya kicheko hicho. Na nilichokuta ni kwamba mhadhiri wangu alikosea mara mbili. Alikosea mwaka, na alikosea nyumba.

Tuanze na nyumba. Akili mnemba haikutoka tu kwa watu wa kompyuta ikaja kubisha hodi kwa watu wa usimamizi. Mmoja wa wazazi wake alikuwa mtu wa usimamizi. Mwaka 1947, kabla ya programu yoyote, Simon alichapisha kitabu kiitwacho Administrative Behavior, kuhusu jinsi watu wanavyoamua mambo ndani ya ofisi. Hoja yake ilikuwa ya kawaida na ya kweli: mwanadamu hajui kila kitu, hana muda wa kupima kila njia, kwa hivyo huchagua ile inayotosha. Shirika, kwa maoni yake, ni mpango wa kumsaidia mtu mwenye akili yenye mipaka kuamua vizuri kidogo. Kutoka hapo hatua ya pili ni fupi. Kama kuamua ni kufuata kanuni juu ya habari ulizo nazo, basi hata mashine inaweza kupewa kanuni na habari. Mtu huyo huyo alipata Tuzo ya Turing pamoja na Newell mwaka 1975 kwa kazi ya kompyuta, na Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978 kwa kazi ya maamuzi ndani ya mashirika. Kwake, hivi vilikuwa kitu kimoja.

Na mwaka? Mnamo 1958 Harold Leavitt na Thomas Whisler waliandika katika Harvard Business Review makala kuhusu usimamizi wa miaka ya 1980. Walitabiri kwamba kompyuta zitarudisha maamuzi juu kwa wakubwa na kuwapunguza mameneja wa kati. Mwaka 1965 Simon alitabiri kwamba ndani ya miaka 20 mashine zitaweza kufanya kazi yoyote anayoweza kufanya mtu. Mwaka 1985 ulifika ukapita, na watu walikuwa bado wanaenda kazini. Simtaji Simon ili nimcheke. Namtaja kwa sababu ile hofu na ile ahadi unayoisikia leo kwenye kila kongamano la hoteli kubwa, yenye kofia mpya na kahawa ya bure, ni ya zamani kuliko nchi yetu huru.

Lakini angalia ni nani aliyekuwa akihofiwa. Meneja wa kati. Yule wa juu angebaki, kwa kuwa ndiye anayesoma jarida.

Wimbi la pili lilikuja miaka ya 1970 na 1980, na ile mifumo ya kitaalamu. Mashine ilipewa kanuni za “ikiwa hivi, basi vile,” zilizotolewa kichwani mwa mtu anayeijua kazi. Mfano uliopendwa sana ni XCON, mfumo uliojengwa na John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kwa kampuni ya kompyuta ya DEC. Ulichagua vipuri vya kuunganisha kompyuta kulingana na agizo la mteja, na kufikia 1986 ilikadiriwa kwamba uliiokolea kampuni dola milioni 40 kwa mwaka. Ikazaliwa kazi mpya kabisa: kukaa na mtaalamu, kumuuliza maswali, na kuandika anachojua kama kanuni. Yaani kukamua. Ukitafuta XCON leo, utakuta dola. Kutafuta mafundi ambao vichwa vyao vilikamuliwa ni kazi nyingine.

Haki itendeke hapa, kwa sababu kuna mtu aliyeuliza vizuri. Mwaka 1988 Shoshana Zuboff, akiwa katika shule ya biashara ya Harvard, alichapisha kitabu chake kuhusu enzi ya mashine zenye akili. Aliingia kwenye viwanda vya karatasi, akakaa na watu waliokuwa wanajua hali ya rojo ya karatasi kwa kuigusa na kuinusa, na ambao sasa walikuwa wamefungiwa kwenye chumba cha kusoma namba kwenye skrini. Aliwauliza kinachowatokea. Alionyesha kwamba teknolojia ile ile inaweza kumnyang'anya mfanyakazi ujuzi au kumwongezea, na kwamba uamuzi huo hauko ndani ya waya, uko kwa wenye mamlaka. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba utafiti wa usimamizi hauwezi kukaa upande huu wa meza. Uliwahi kukaa. Kisha ukainuka ukaenda zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mifumo ile ilishindwa kufikia sifa ilizopewa, na pesa zikahama. Wenyewe wanaita kipindi hicho majira ya baridi. Akili mnemba ikahamia idara za kompyuta na takwimu. Kwenye shule za usimamizi watu wakaendelea na mikakati ya ushindani, ubora na mambo mengine. Ndoa ya Simon ikavunjika, na watoto wakasahau kwamba wazazi wao waliwahi kuoana. Ndiyo maana mhadhiri wangu alidhani mambo yalianza 2018.

Sasa fika hapa uone kilichotokea wakati watu wa usimamizi hawakuwa wakiangalia. Mwaka 2005 Amazon ilifungua soko la vibarua vidogo vya mtandaoni na kuliita Mechanical Turk. Jina hilo ni la ile mashine ya kucheza sataranji ya mwaka 1770, iliyoshangaza majumba ya kifalme ya Ulaya na kumbe ndani yake alikuwa amejificha mtu. Amazon hawakuficha utani wao: waliliuza soko hilo kama akili bandia ya bandia. Kupitia soko hilo hilo, Fei-Fei Li na wenzake walijenga ImageNet, hifadhi ya picha zaidi ya milioni 14, zilizowekwa lebo na maelfu ya watu katika nchi nyingi. Mwaka 2012 programu iliyofunzwa kwa picha hizo ilishinda mashindano ya kutambua picha kwa tofauti kubwa kiasi kwamba dunia nzima iligeuka kutazama. Wimbi tulilomo leo lilianzia hapo.

Kwa maneno mengine, kilichofufua akili mnemba hakikuwa kompyuta zenye nguvu na hesabu nzuri tu. Kilikuwa pia njia mpya ya kupanga kazi: kuikata vipande vidogo sana, kuvisambaza duniani, kulipa senti kwa kipande, na kukagua. Hayo ni mambo ya usimamizi tupu! Frederick Taylor, aliyewasimamia wafanyakazi kwa saa mkononi na kuandika kitabu chake cha usimamizi wa kisayansi mwaka 1911, angeyatambua mara moja. Na watu ambao kazi yao ni kusoma jinsi kazi inavyopangwa walikuwa wapi? Waliporudi kwenye akili mnemba, walirudi kupitia mlango wa mbele, wakakuta meza imeshaandaliwa, wakaanza kujadili ladha ya chakula.

Mwaka 2013 Carl Frey na Michael Osborne wa Oxford walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko katika hatari ya kufanywa na mashine. Namba hiyo ikasafiri hadi kwenye hotuba za wanasiasa. Mwaka 2018 Agrawal, Gans na Goldfarb wakachapisha Prediction Machines, wakisema tuione akili mnemba kama kushuka kwa bei ya utabiri. Ni hoja safi, inafundishika. Lakini bei ikishuka sokoni Wakulima, mtu wa kwanza unayemuuliza ni mkulima. Mwaka 2021 Raisch na Krakowski wakaandika kuhusu mvutano kati ya mashine kumwondoa mtu na mashine kumwongezea nguvu. Mtu yupi? Yule anayeitumia.

Kisha 2023, baada ya ChatGPT, yakaja majaribio. Washauri 758 wa Boston Consulting Group walipewa GPT-4 au wakanyimwa. Waliopewa walimaliza kazi haraka kwa takriban asilimia 25 na ubora wao ukapanda, lakini katika kazi iliyopita uwezo wa mashine walikosea zaidi kuliko wenzao. Brynjolfsson, Li na Raymond walifuatilia zaidi ya wahudumu 5,000 wa wateja, wengi wao wakiwa Ufilipino, na kukuta msaada wa mashine uliongeza kazi kwa asilimia 14 kwa wastani, na kwa wageni wa kazi kwa asilimia 34 hivi. Namna ilivyofanyika ni muhimu: mashine ilijifunza kutoka kwa mazungumzo ya wahudumu hodari, ikawanong'onezea wageni. Yaani tena kuna waliokamuliwa. Kwa heshima yao, watafiti hao waliligusa swali la malipo ya waliotoa ujuzi huo. Walioipigia mbio namba ya 14 hawakusoma hadi hapo.

Na hapa Kenya? Tuko kwenye utafiti, usidhani hatupo. Otis na wenzake walifanya jaribio na wafanyabiashara wadogo 640 wa Kenya, wakawapa baadhi yao mshauri wa biashara anayetumia GPT-4 kupitia WhatsApp. Kwa wastani hakukuwa na faida. Ukitazama ndani, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa asilimia 15 hivi, na waliokuwa wanyonge walishuka kwa asilimia 8 hivi. Ni utafiti mzuri. Nimeusoma mara mbili. Unamwambia ukweli kila mwanasiasa anayedhani simu janja itamwinua mama mboga bila kitu kingine chochote.

Lakini weka karibu yake jambo la pili. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya, chini ya kampuni ya Sama, walikuwa wamesoma na kuwekea lebo maandishi ya ukatili na unyama ili OpenAI ipate kichujio cha kuifanya ChatGPT isitapike matusi. Walibaki na malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mei mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Kesi ya wasimamizi wa maudhui dhidi ya Meta ilifika Mahakama ya Rufaa, na Septemba 2024 ikaamuliwa kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa hapa.

Kwa hivyo Nairobi imo mara mbili kwenye hadithi ya mashine hizi. Mkenya anayepokea ushauri wa mashine anapimwa, anachorewa jedwali, anaingia kwenye jarida la usimamizi. Mkenya aliyeifundisha mashine adabu anaingia kwenye gazeti na kortini. Kwa mtafiti wa usimamizi, wa kwanza ni data. Wa pili ni habari za kusikitisha.

Naujua utetezi. Wa kwanza unasema: hilo si somo letu, kuna wanasosholojia na wanaanthropolojia. Ni kweli Mary Gray na Siddharth Suri waliandika Ghost Work mwaka 2019, na hawakuwa watu wa usimamizi. Lakini kwani kuajiri, kulipa, kupima, kufundisha, kupandisha cheo na kufukuza vimekuwa lini mambo ya anthropolojia peke yake? Ukipima faida ya mashine ndani ya kampuni moja na kuacha saa za watu walioifunza, hujafanya sayansi safi, umefanya hesabu mbovu. Ni kama kutangaza faida ya kibanda cha chapati bila kuhesabu unga.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi: kuna tawi zima la utafiti kuhusu usimamizi wa kialgorithi. Lipo, na nalishukuru. Mwaka 2015 Min Kyung Lee na wenzake waliwasoma madereva wa Uber na Lyft. Mwaka 2020 Kellogg, Valentine na Christin walikusanya maarifa hayo na kuonyesha jinsi algorithi inavyomdhibiti mfanyakazi: inamzuia, inampendekezea, inamrekodi, inampima, inambadilisha, inamzawadia. Nilipoisoma orodha hiyo nilitikisa kichwa ndani ya matatu, kwa sababu nimeonja karibu yote. Lakini hata pale, mara nyingi mfanyakazi ni yule anayetawaliwa na mashine. Anaonekana kama mtu aliyenyeshewa. Sisi tulikuwa tunachota maji yaliyokuwa yanapanda kuwa mawingu.

Utetezi wa tatu ni wa hapa nyumbani, na ndio unaoniuma: bora kazi kuliko kukaa. Mathee wangu aliniambia hivyo, na alikuwa na haki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilipa kodi kabla sijapata kazi. Nakubali. Lakini “bora kazi” ndipo utafiti wa usimamizi unapaswa kuanza. Mkataba wa miezi mitatu unafanya nini kwa umakini wa mtu? Alama ya ubora inawekwa na nani, na kwa kipimo gani? Ukifanya kazi hii miaka miwili, unapanda kwenda wapi? Kwa nini kosa langu la kisanduku lina gharama kubwa kwa mteja, na usahihi wangu hauna bei? Haya si maswali ya huruma. Ni maswali ya mwaka wa kwanza wa usimamizi wa wafanyakazi. Na sidhani kuna mahali pa kazi palipopimwa kuliko pale: kila sekunde yangu imehifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu.

Ndiyo nilipeleka pendekezo la utafiti wa shahada yangu. Nilitaka kuwasoma watu wanaoweka lebo Nairobi. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema na ananijibu barua pepe hata Jumapili, alilisoma akavua miwani. “Dada, hii ni nzuri, lakini nadharia yake iko wapi? Na ukienda kutetea, wataniuliza hii ni HR ama IT.” Akanishauri nibadilishe. Unajua alichonipa. Kila aliyesoma biashara nchini hapa anajua alichonipa: Athari za Akili Mnemba kwa Utendaji wa Benki za Biashara nchini Kenya.

Sina ubaya na benki. Lakini hebu hesabu miaka ambayo vyuo vyetu vimeandika tasnifu hiyo moja, ukibadilisha neno la kwanza tu. Athari za uongozi. Athari za ubunifu. Athari za simu. Sasa athari za akili mnemba. Dodoso lenye majibu matano, kutoka “nakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa,” linajazwa na mameneja wa tawi wakati wa chakula cha mchana. Swali linatoka Boston, nadharia inatoka Boston, benki ndiyo ya Nairobi. Wakati huo huo, kwa mwendo wa matatu moja kutoka darasani, kuna ghorofa nzima ya watu wanaofanya kazi ambayo bila hiyo hakungekuwa na “athari” za kupima. Hatuhitaji ruhusa ya mtu wa ng'ambo kuwaandikia. Hatuhitaji hata nauli kubwa.

Na nadharia ipo, Daktari. Niliipata. Simon alituambia kwamba shirika ni mpango wa kuziunganisha akili zenye mipaka ziweze kuamua jambo ambalo hakuna mmoja angeliweza peke yake. Basi lichukue wazo hilo kwa uzito. Mashine inayotambua gari ni shirika la namna hiyo. Limesambaa nchi nyingi, wafanyakazi wake hawajuani, hawajui bidhaa yao ya mwisho, na maamuzi yao madogo yameganda ndani ya programu. Anayelisoma shirika hilo huku akitazama programu peke yake ni kama mtu aliyeingia kwenye jengo lile la Pittsburgh, akaona kadi zinazunguka, na asione mikono.

Nimelirudisha pendekezo langu mara ya tatu. Mada haijabadilika. Nimeongeza kurasa nne za Simon na ukurasa mmoja wa Zuboff, na nimeondoa neno “haki” pahali pawili kwa sababu liliambiwa lina hisia. Watu kumi na mmoja niliofanya nao kazi wamekubali kuhojiwa bila majina, Jumapili, mbali na ofisi, nikiwanunulia chai. Mmoja wao aliniuliza kama jina lake linaweza kuandikwa. Nikamwambia hapana, kwa usalama wake. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini niandike kwamba alikuwa na asilimia 98.

Nimeandika. Nakutana na Daktari Alhamisi, saa tisa.